Nchi Iliyokataa Nusu kwa Nusu

Haya hayakutokea zamani za kale, yametokea juzijuzi tu. Wala hayakutokea hapa kwetu, na hilo nalisema mapema, mbele ya mashahidi, asije mtu akanyanyua simu bure. Yalitokea katika nchi moja ya mbali sana, ambayo kwa bahati mbaya ina mvua kama yetu, mahindi kama yetu na foleni kama zetu. Hapa kwetu mambo ya namna hii hayawezekani.

Nchi hiyo iliongozwa na Mtukufu, aliyependwa na asilimia tisini na tisa nukta tisa ya wananchi, na hao waliobaki walikuwa wanatafutwa. Picha yake ilitundikwa katika kila ofisi, kila duka, kila kinyozi na kila banda la kuku lenye leseni. Sheria ya picha ilikuwa fupi: juu yake kisikae kitu, mbele yake kisikae kitu, na pembeni yake kisikae kitu chenye ukubwa sawa na wake. Wananchi walishazoea. Mtu akijenga nyumba alitenga kwanza mahali pa picha, ndipo akafikiria vyumba.

Kompyuta zilipoingia serikalini, wakubwa walijiuliza swali la maana. Mtumishi akikodolea macho kompyuta kutwa nzima, ukutani atatazama saa ngapi? Basi picha ikahamia na humo. Kila asubuhi mashine ilipowashwa, Mtukufu alijitokeza katika dirisha lake mwenyewe, amechukua robo tatu ya kioo, anatabasamu. Dirisha hilo halikufungika, halikusogezeka wala halikufunikika. Kazi za wananchi zilifanyiwa katika robo iliyobaki, huko ukingoni, mahali penye upana wa kiganja.

Sikudhani Mlangwa alikuwa fundi wa kompyuta katika Idara ya Uhai na Vifo, ghorofa ya tatu, chumba chenye feni isiyozunguka. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, mwanamke wa maneno machache kazini na mengi nyumbani, kama tulivyo wengi tunaopenda kustaafu salama. Idara yake ilitunza madaftari mawili ndani ya kompyuta: Daftari la Walio Hai na Daftari la Marehemu. Kazi ya karani ilikuwa kuyafungua yote mawili, kuyalinganisha na kuandika.

Zamani kazi hiyo haikumtoa mtu jasho. Karani alilishika dirisha kwa kipanya, akaliburuta hadi ukingoni mwa kioo, nalo likajibana lenyewe katika nusu moja, na dirisha la pili likakaa nusu ya pili. Hata mtoto wa darasa la nne anajua. Lakini siku moja, katika wilaya moja ya mpakani, karani mmoja aliburuta daftari hadi ukingo wa kushoto, na kompyuta, kwa kuwa haikulelewa vizuri, ikamchukua Mtukufu ikambana katika nusu ya kulia. Nusu kwa nusu. Mtukufu na orodha ya watoto waliozaliwa mwezi Machi, bega kwa bega, kama abiria wa benchi moja. Na kama ilivyo kawaida ya wakaguzi, mkaguzi akaingia wakati uleule.

Karani alihamishiwa kituo kisicho na umeme ili asirudie. Upangaji wa madirisha ukazimwa nchi nzima kwa waraka, na nywila ya kuuwasha ikakabidhiwa Idara ya Itifaki, ikafungiwa kwenye kabati la chuma.

Tangu hapo madaftari yale mawili yalilaliana katika ile robo ya ukingoni, moja juu ya jingine. Karani alifungua hili, akafungua lile, simu ikalia, chai ikaja, na aliporudi hakujua lililo juu ni lipi. Mwananchi aliyekuja kubadilisha kitambulisho akaandikwa katika Daftari la Marehemu na kuagwa kwa heshima. Kwa miaka mitatu walikufa hivyo watu elfu tatu mia tisa na kumi na wanne, wote wazima wa afya. Idara ikatunukiwa cheti kwa kupunguza foleni, maana marehemu hawapangi foleni.

* * *

Jumatatu moja asubuhi shangazi yake Sikudhani, Bi. Zamoyoni, alipanda ngazi zote tatu kwa miguu yake, akavuta kiti, akaketi, akajipepea kwa bahasha.

"Mwanangu," alisema, "nimekufa."

Sikudhani alidhani ni uchovu wa ngazi. Shangazi akamweleza kwamba alitoka bomani kuthibitisha ndoa yake ya Jumamosi, na karani wa ndoa akamwambia kwa upole kwamba amefariki tangu Februari mwaka juzi, na kwamba serikali haiozeshi maiti. Akampa na pole. Bi. Zamoyoni aliipokea ile pole kwa sababu alifunzwa adabu, lakini ilimkaa kooni njia nzima.

Ni lazima nieleze hapa Bi. Zamoyoni alikuwa nani kwa Sikudhani. Mama yake Sikudhani alitangulia mapema, na baba yake, Rajabu Mlangwa, ambaye alikuwa kaka mkubwa wa Bi. Zamoyoni, alifariki binti akiwa na miaka tisa. Shangazi akamchukua. Walikuja wachumba watatu kwa nyakati tofauti, wote watu wazuri, na wote wakasema kwa maneno tofauti kwamba mtoto wa kaka atafutiwe pengine pa kukaa. Bi. Zamoyoni aliwapa chai wote watatu na kuwasindikiza hadi mlangoni. Miaka ikaenda, nywele zikageuka, na wachumba wakaacha kuja.

Mpaka alipotokea Mzee Lupembe, mpiga tarumbeta mstaafu wa bendi ya polisi, mgane wa miaka sitini na minane, aliyemposa Bi. Zamoyoni kwa miaka miwili akimpulizia tarumbeta kwenye simu kila Jumapili. Shangazi aliyekuwa akiona aibu hata kununua hereni mpya sasa alikuwa na gauni lililotundikwa nyuma ya mlango. Na sheria ya nchi ile, iliyotungwa kukomesha mzaha, ilisema ndoa iliyotangazwa bomani isipofungwa siku yake haitangazwi tena maishani. Kwa hiyo ilikuwa Jumamosi au basi.

Sikudhani aliinamisha uso. Alijua fika kwamba ugonjwa wote ule ulikuwa ni swichi moja ndani ya mipangilio ya kompyuta. Unaisogeza kulia, madirisha yanaanza kujipanga, mtu anaonekana yu hai. Sekunde tatu, nne ukiwa na baridi ya vidole. Na alijua pia kwamba yeye, fundi pekee wa Idara, haruhusiwi kuigusa. Ilimuuma kuliko alivyotarajia.

"Utaolewa Jumamosi, Shangazi," alisema.

"Nikiwa hai au nikiwa hivi hivi?"

"Ukiwa hai."

* * *

Mkurugenzi wa Idara, Bwana Mwinshehe, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwoga aliyepewa muhuri, na hilo lina madhara yake. Alimsikiliza Sikudhani hadi mwisho, akiukunja na kuukunjua waraka mbele yake.

Alisema anamhurumia sana marehemu. Lakini ipo Kanuni ya Macho Mawili: aliyekufa kwa makosa harudishwi mpaka Mkurugenzi aone madaftari yote mawili kwa wakati mmoja, jicho moja hapa, jicho moja pale. Na kwenye ile robo ya ukingoni hayaonekani pamoja.

Sikudhani akauliza kama daftari moja lingeweza kuchapwa kwenye karatasi. Haiwezekani, madaftari ni siri ya taifa, hata majina yaliyomo hayaruhusiwi kujua kama yamo. Akauliza kama zingewekwa kompyuta mbili, kila moja na daftari lake. Bwana Mwinshehe aliangalia mlangoni kabla ya kujibu, akapunguza sauti. Hilo lilishajaribiwa mikoani. Zikiwekwa kompyuta mbili, zinakuwa picha mbili za Mtukufu zinazotazamana, na Itifaki ilishindwa kuamua nani atamsalimia mwenzake kwanza.

"Mkurugenzi, ni swichi moja," Sikudhani alisema.

"Najua ni swichi moja. Ingekuwa swichi kumi ningekuruhusu. Moja ina kamati."

Akaandika barua. Haraka haraka haina baraka, alimwambia akigonga muhuri, lakini kwa kuwa Waziri wa Itifaki alikuwa anatafuta kitu cha kuzindua Ijumaa, barua ile ilikimbia kuliko barua yoyote katika historia ya Idara. Ilivuka korido siku hiyohiyo.

* * *

Kamati ya Kitaifa ya Mpangilio wa Madirisha ilikutana Jumanne katika hoteli yenye bwawa, kwa sababu suala lilihitaji utulivu. Wajumbe walikuwa kumi na mmoja. Palikuwa na kanali mstaafu, profesa wa elimu ya pande, mwakilishi wa wafinyanzi, na mzee mmoja ambaye hakuna aliyejua anawakilisha nini lakini aliwahi kwenye chai kila siku. Sikudhani aliitwa kama mtaalamu, akapewa kiti karibu na mlango, na akaombwa asizungumze kitaalamu.

Siku ya kwanza walipima kioo cha kompyuta kwa futi kamba. Siku ya pili profesa alisoma mada ya kurasa sitini kuthibitisha kwamba kulia ni upande, na kushoto nao ni upande, lakini si kwa kiwango kilekile. Kanali akauliza, nchi ikivamiwa, dirisha lipi litatangulia mbele. Mwakilishi wa wafinyanzi alipendekeza kioo kiwe duara, ili pasiwe na pembeni, na kwa kweli ndilo lililokuwa wazo lenye akili kuliko yote ya siku hiyo.

Sikudhani aliketi karibu na mlango akihesabu siku kwa vidole. Kila jioni shangazi alimpigia simu kumuuliza amefikia wapi, na kila jioni alijibu wanaendelea. Shangazi hakulalamika. Alisema tu kwamba watoto wa Mzee Lupembe wameshapanda basi kutoka mbali, na kwamba sufuria za kuazima zimeshafika.

Alhamisi alasiri kamati ilitoa azimio. Kipengele cha kupanga madirisha kiwashwe, lakini kwa nguzo tatu: Mtukufu akae kulia, walio hai wakae katikati, na marehemu wakae mwisho kabisa kushoto. Sababu ilitolewa na profesa, na wote wakatikisa vichwa kwa uzito wake. Kiongozi wa nchi hakai na wafu. Ni mkosi, ni dharau, na wapinzani wataipiga picha. Walio hai ndio watakaomtenganisha naye, na kwa hakika hiyo ndiyo kazi yao tangu uhuru.

Sikudhani alipumua. Nguzo tatu zilitosha kabisa, madaftari mawili yataonekana pamoja. Kisha katibu akasoma kiambatanisho. Marehemu watarudishwa kwa kufuata vyeo, kuanzia wakurugenzi kwenda chini, kumi kwa siku. Bi. Zamoyoni, mshonaji wa mashuka, alikuwa namba elfu tatu mia tisa na kumi na moja. Sikudhani alipiga hesabu kichwani. Shangazi angefufuka mwaka unaofuata, baada ya mavuno.

Aliomba neno. Mwenyekiti akamkumbusha, kwa upole wa mtu aliyeshiba, kwamba aliye juu mngoje chini. Basi akanyamaza. Lakini walioishi naye wanajua kwamba Sikudhani akinyamaza hivyo, mezani pana jambo.

* * *

Ijumaa uwanja wa Idara ulipambwa. Hema lilisimamishwa, bendi ikaletwa, kompyuta moja ikawekwa jukwaani juu ya meza yenye kitambaa cha satini, na kioo chake kikaunganishwa na pazia kubwa jeupe ili taifa zima lione. Televisheni ilirusha moja kwa moja. Walio hai waliketi hemani. Marehemu kumi na wawili walioalikwa kuwakilisha wenzao waliketi juani, kwa kuwa bajeti ya viti vya kivuli haikuwahusu. Bi. Zamoyoni alikuwa miongoni mwao, mkoba mapajani, mgongo umenyooka.

Sikudhani alifika mapema kuliko wote. Afisa wa Itifaki aliingiza nywila akiwa amefunika kibodi kwa koti, swichi ikasogezwa kulia, ikachukua sekunde tatu, na wote wawili wakatia sahihi. Afisa akaenda kutafuta chai. Sikudhani akabaki peke yake na mashine.

Alilichukua dirisha la Daftari la Walio Hai, akaliteremsha chini kabisa ya kioo, mahali ambapo panabaki alama ndogo tu ya kuonyesha kwamba lipo. Kisha akafungua Daftari la Marehemu na kulipitisha herufi kwa herufi hadi akafika kwenye ukurasa aliokuwa akiutafuta. Majina arobaini. Karibu na mwisho palikuwa na Mlangwa, Zamoyoni. Na juu yake, mstari mmoja tu, palikuwa na Mlangwa, Rajabu.

Hakuwa amelifikiria hilo. Jina la baba yake halikuwa kosa la karani, liliandikwa kwa wino wa kweli na likahamishwa kwa uaminifu. Alilitazama kwa muda, akaligusa kwa kidole kwenye kioo, kisha akasikia ving'ora vya msafara, akajiweka nyuma ya meza.

Waziri alikuwa mtu mkubwa wa mwili na wa sauti. Alihutubia kwa saa moja na dakika arobaini. Alisema kabla ya serikali hii, madirisha yalikuwa yakijipanga ovyo, yanavyotaka yenyewe, bila falsafa. Alisema nchi nyingi zilizoendelea zimepanga madirisha kabla ya kujua kwa nini, ilhali sisi tumejua kwa nini kabla ya kupanga, na hapo ndipo tulipowazidi. Watu wakapiga makofi mahali palipoandikwa makofi. Kisha akakata utepe uliofungwa kwenye kipanya, akakishika, na kwa kuwa alitaka kuonekana ni mtu wa vitendo, akakataa kuelekezwa.

Dirisha lililokuwepo mbele yake lilikuwa moja tu. Akalishika, akaliburuta kwa nguvu kama anayevuta ng'ombe, akalipeleka hadi ukingo wa kushoto na kuliachia.

Kompyuta ikafanya ilivyoumbwa. Daftari la Marehemu likajibana nusu ya kushoto. Mtukufu akateleza, akapungua, akajibana nusu ya kulia. Sawa kwa sawa, juu ya pazia jeupe lenye urefu wa nyumba, mbele ya taifa zima, Mtukufu aliketi ubavuni mwa wafu arobaini, akitabasamu.

Bendi ilinyamaza bila kuambiwa. Kanali mstaafu alivua kofia, akakumbuka maana yake, akaivaa tena haraka. Waziri alitoka jasho hata kwenye masikio. Akamgeukia Bwana Mwinshehe, na Bwana Mwinshehe akamgeukia fundi na kumwomba kwa midomo tu, aondoe.

Sikudhani alijibu kwa adabu zote kwamba asingeweza kuisogeza picha, kwa kuwa sheria inakataza kuigusa. Wala asingeweza kulifunga daftari, kwa kuwa dirisha lililopangwa na mgeni rasmi halifungwi mpaka mgeni rasmi aondoke, na televisheni bado ilikuwa hewani. Yote mawili yalikuwa kweli, yameandikwa, na Waziri mwenyewe ndiye aliyeyatia sahihi.

Kisha akasogea karibu na sikio la Waziri.

"Mheshimiwa, Mtukufu hawezi kukaa na wafu. Hilo halina mjadala. Basi huenda hawa si wafu."

Waziri alimtazama. Alilitazama pazia. Unaweza kusema mengi juu ya mawaziri wa nchi ile, lakini wanapoona tundu la kutokea hawaulizi limechimbwa na nani. Akakamata kipaza sauti.

"Ndugu wananchi," alisema, "mnachokiona si bahati mbaya. Mtukufu hakai na marehemu. Hajawahi, na hatakaa. Kwa hiyo yeyote mnayemwona ubavuni mwake hivi sasa, huyo yu hai, na amekuwa hai wakati wote. Mkurugenzi, andika."

Bwana Mwinshehe akauliza kwa sauti ya mbali kama ni wote.

"Wote wanaoonekana."

Muhuri ukagongwa. Majina arobaini yakahama kutoka daftari moja kwenda jingine, watu wakasimama na kushangilia, na bendi, isiyojua la kufanya, ikapiga wimbo wa mavuno. Kule juani Bi. Zamoyoni alinyanyuka, akabeba kiti chake, akakipeleka hemani kivulini. Sikudhani alicheka huku machozi yakimtoka, akajifanya anafuta vumbi kwenye kibodi.

Alasiri hiyohiyo upangaji wa madirisha ulizimwa tena nchi nzima, kwa waraka mpya mkali kuliko wa kwanza. Mtukufu akarudi kwenye robo tatu zake. Wale elfu tatu mia nane na wengine waliobaki hawajafufuka hadi leo. Wanalima, wanazaa, wanalipa kodi, na mwaka huu wameombwa wachangie mwenge. Na katika wale arobaini, mmoja alikuwa mkuu wa kijiji aliyeliwa na mamba mwaka wa mafuriko. Ameitwa mara mbili kuhakikiwa na hajatokea, na jirani zake wanasema ni kiburi.

* * *

Jumamosi bomani palikuwa na watu. Mzee Lupembe alivaa sare yake ya zamani ya bendi, vifungo vimesuguliwa hadi vikang'aa, na tarumbeta kwapani. Bi. Zamoyoni alivaa gauni la bluu na hereni mpya. Alikuwa ameshika mkono wa Sikudhani kwa nguvu, kama alivyomshika siku ya kwanza kumpeleka shule.

Karani wa ndoa alikuwa mwanamama wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisogeza pua hadi ile robo ya ukingoni ya kompyuta yake, akasoma, akatabasamu.

"Hongera, bibi harusi. Uko hai tangu jana saa tano."

Wakacheka. Akaendelea kusoma, kidole kikishuka taratibu, kikasimama.

"Na una kaka mkubwa. Rajabu Mlangwa. Naye yuko hai tangu jana saa tano." Akainua kichwa. "Kwa sheria, kaka aliye hai lazima aweke sahihi. Yuko wapi?"

Mzee Lupembe alimtazama mchumba wake, na Bi. Zamoyoni akatazama sakafu. Sikudhani aliuona mtego. Akisema baba amekufa, tangazo la Waziri ni uongo. Na likiwa uongo kwa mstari mmoja ni uongo kwa mstari unaofuata, na shangazi anakufa tena pale pale, mbele ya sufuria za kuazima.

Akauliza kama mtoto anaweza kutia sahihi kwa niaba ya mzazi.

Anaweza, alisema karani, kama mzazi ana sababu ya kutohudhuria. Akavuta fomu, akailamba ncha ya kalamu.

"Sababu?"

"Yuko mbali," alisema Sikudhani.

Yule mwanamama aliivua miwani. Alimtazama binti, akamtazama bibi harusi, akawatazama tena wote wawili polepole. Naye alikuwa mwananchi wa nchi ileile, ana madaftari yake na watu wake. Akaivaa miwani, akaandika: yuko mbali. Halafu, kwa mazoea tu, kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri anavyouliza habari za mzazi wa mwenzake, akasema:

"Lakini hajambo?"

Kwa miaka ishirini na miwili hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza Sikudhani swali hilo. Watu humpa pole, au hawasemi kitu. Akahisi mkono wa shangazi ukimbana vidole.

"Hajambo," alisema. "Anawasalimu sana."

"Salamu zimefika," alisema karani, akamsogezea kalamu.